Kubaki au kuhama? Bima ya gari inapofika mwisho wa mwaka

Ujumbe wa kuhuisha bima huwa mfupi: namba ya gari, tarehe ya mwisho, bei mpya. Mara nyingi bei hiyo iko juu ya ile ya mwaka jana, ilhali gari limezeeka mwaka mzima, thamani yake imeshuka, na mwenyewe hujadai chochote. Kuna wanaolipa bila kuuliza, kwa kuwa tarehe imekaribia na hawataki usumbufu. Kuna wanaohamaki na kukimbilia kampuni ya kwanza inayowatajia bei ndogo. Hawa wa kwanza wanaumizwa na uvivu, wale wa pili na pupa, na mwisho wa mwaka sioni tofauti kubwa kati yao.

Ninachopendekeza mimi ni hiki: tafuta bei za nje kana kwamba umeshaamua kuhama, kisha rudi kwa kampuni yako kana kwamba umeshaamua kubaki. Uamuzi wenyewe uje baadaye, ukiwa na bei tatu au nne mkononi ambazo zote zinazungumzia kitu kimoja. Hapo kwenye "kitu kimoja" ndipo penye kazi, na ndipo nitakapokaa kwa muda mrefu.

Kwa nini bei inapanda hata usipogonga

Sababu ya kwanza haikuhusu wewe binafsi. Bima ni mfuko wa pamoja, na gharama ya kutengeneza magari ikipanda kila mchangiaji anaguswa. Bampa ya zamani ilikuwa plastiki tu. Ya sasa inaweza kuwa imebeba sensa, na kioo cha mbele chenye kamera nyuma yake kikibadilishwa, kamera nayo lazima ipimwe na kuwekwa sawa upya. Sehemu hii ya ongezeko huwezi kuipunguza kwa maneno mazuri.

Sababu ya pili ni taarifa zako kupitwa na wakati. Ulipokata bima ulikuwa unaendesha kwenda kazini kila siku. Sasa hivi gari linatoka mara mbili kwa wiki. Kijana aliyeandikwa kama dereva wa pili ameshanunua gari lake. Gari lililokuwa linalala barabarani sasa linalala ndani ya geti. Kampuni haijui hayo yote, na haitakupigia simu kukuuliza.

Sababu ya tatu ndiyo inayokera: kampuni inakisia kwamba hutahama. Uingereza walilichunguza jambo hili kwa kina. FCA, mamlaka inayosimamia huduma za fedha huko, katika ripoti yake ya mwisho ya Septemba 2020 ilieleza kwamba mwaka 2018 wateja wapatao milioni 6 wa bima za magari na nyumba walikuwa wanatozwa bei za juu. Mteja mpya alivutwa kwa bei ya chini, kisha bei ikawa inapandishwa kidogo kidogo kila alipohuisha. Kuanzia tarehe 1 Januari 2022 ni marufuku huko kumtoza mteja wa zamani zaidi ya kile ambacho mteja mpya mwenye sifa zilezile angetozwa kupitia njia hiyohiyo ya mauzo. Nchini Marekani, jimbo la Maryland mwaka 2014 na California mwaka 2015 yalipiga marufuku mtindo wa kupanga bei kwa kupima ni ongezeko kiasi gani mteja atalivumilia bila kuondoka.

Pasipo na katazo la namna hiyo, mchezo unaendelea. Hata penye katazo, kutafuta bado kunalipa. Sheria inaizuia kampuni moja kukubagua wewe dhidi ya mteja wake mpya. Hailazimishi kampuni mbili zikuone kwa jicho moja. Moja haiwapendi madereva wa umri wako, nyingine inawatafuta kwa udi na uvumba.

Kubaki na kuhama, bega kwa bega

Ukibaki, huanzi upya. Rekodi yako ya miaka isiyo na madai imo kwenye mfumo wao, gari halihitaji kukaguliwa tena, na kama una madai ambayo hayajafungwa huna haja ya kueleza historia kwa mtu mpya. Kama gari lako si la kawaida, limebadilishwa injini au limefungwa vifaa, na kampuni ya sasa ilishalikubali hivyo kwa maandishi, hiyo nayo ni faida ambayo haionekani kwenye bei. Ubaya wa kubaki ni kwamba bei yako inaanzia pale kampuni ilipoamua ianzie, na mazungumzo yote yanakuwa ya kupunguza kutoka hapo.

Ukihama, unapata bei ya mteja mpya, na kwa kuwa unajaza fomu upya unalazimika kusema maisha yako ya leo yalivyo, badala ya yale ya miaka mitano iliyopita. Mara nyingi sehemu ya unafuu wa kuhama inatoka kwenye fomu hiyo tu, na ungeweza kuupata bila kuhama kama ungewapa kampuni yako taarifa zilezile. Kwa upande wa gharama, kuna ada ya kuvunja mkataba ukiondoka katikati ya mwaka, kuna muda wako, na kuna uwezekano wa kupoteza punguzo la kutodai, yaani lile unalopewa kwa miaka uliyokaa bila kudai, usipolishughulikia mapema.

Hilo punguzo ndilo mali yako kubwa katika soko hili, kwa hiyo uliza kwanza kama linahamishika. Ufaransa wamelimaliza kwa sheria: kila dereva ana kigezo, namba ambayo bei yake ya msingi huzidishwa nayo; kinaanzia 1.00, kinazidishwa kwa 0.95 kila mwaka usio na ajali ya kosa lake mpaka kifike 0.50 baada ya miaka 13, na kinamfuata dereva kokote anakohamia. Katika nchi nyingine unahitaji barua ya kampuni ya zamani inayotaja idadi ya miaka na tarehe. Iombe barua hiyo wiki kadhaa kabla ya kutangaza kwamba unaondoka. Ukishaondoka hakuna mwenye haraka ya kukuandikia.

Jihadhari pia na kile wanachokiuza kama "ulinzi wa punguzo". Kinalinda asilimia ya punguzo, hakilindi bei. Ukipata ajali, asilimia yako itabaki palepale lakini bei ya msingi inayopunguzwa inaweza kupandishwa, na mwisho ukalipa zaidi huku punguzo lako likiwa salama salimini.

Kipimo changu mwenyewe: tofauti ikiwa chini ya asilimia 5 kwa masharti yaleyale, baki. Usumbufu wa kuhama utaila. Ikizidi asilimia 10 na kampuni yako imekataa kushuka, ondoka bila kinyongo. Kati ya hapo, angalia historia yao ya kulipa madai. Mwenye madai ambayo hayajafungwa, au aliyegonga mwaka huu, kwa kawaida hapati nafuu akihama, kwa kuwa kampuni mpya itauliza kuhusu ajali za miaka ya karibuni na kujibu uongo hakuna maana.

Bei mbili zinazofanana sura tu

Tuchukue mfano. Bei ya kuhuisha kwenye kampuni yako tuiite 100, kwa sarafu yoyote unayotumia. Ofa ya nje inakuja na 88. Kabla hujashangilia, ziweke karatasi mbili mezani:

| | Kampuni yako | Ofa ya nje |
|---|---|---|
| Bei ya mwaka, kulipa mara moja | 100 | 88 |
| Jumla ukilipa kwa awamu 12 | 105 | 99 |
| Ekses (unachochangia kila ukidai) | 20 | 40 |
| Kioo cha mbele | kimo | hakimo |
| Gari la kutumia lako likiwa gereji | lipo | halipo |
| Gari likiharibika kabisa | thamani mliyokubaliana | thamani ya soko siku ya ajali |

Mstari wa pili unawanasa wengi. Kulipa kwa awamu ni mkopo, na mkopo una riba. Anayelipa ofa ya nje kwa awamu analipa 99, karibu sawa na yule aliyebaki na kulipa 100 kwa mkupuo akiwa na bima iliyo bora zaidi. Kwa hiyo kabla ya kubishana na kampuni yoyote, jiulize kama unaweza kuanza kuweka akiba leo ili mwakani ulipe mara moja. Hakuna mazungumzo yanayoleta punguzo la uhakika kama hilo.

Sasa ekses. Ukichagua ofa ya nje unaokoa 12 kwa mwaka, lakini kila ukidai unachangia 20 zaidi. Gawanya 20 kwa 12, unapata mwaka mmoja na miezi minane. Maana yake, mtu anayedai mara chache kuliko mara moja katika miezi 20 anafaidika na ekses kubwa, na madereva wengi waangalifu hukaa miaka mingi bila kudai. Kwa hiyo ekses peke yake haiiangushi ofa ya nje. Sharti langu ni moja: usichague ekses ambayo huwezi kuitoa siku hiyohiyo bila kukopa. Gari linaweza kukaa gereji wiki nzima, limeshatengenezwa, kwa sababu mwenyewe anatafuta fedha za mchango wake.

Kioo cha mbele na gari la mbadala ni rahisi kupima. Ulizia kioo cha gari lako kinauzwaje pamoja na kufungwa, ujiulize kama unaweza kuishi bila gari kwa wiki mbili. Mwenye usafiri mwingine nyumbani asilipie gari la mbadala. Ni fedha ya bure kwa kampuni.

Mstari wa mwisho ndio mzito. Thamani mliyokubaliana maana yake ni kwamba gari likiharibika kabisa au kuibwa, kiasi kilichoandikwa kwenye hati ndicho kinachoanziwa kukokotoa fidia. Thamani ya soko maana yake mkadiriaji ataangalia gari kama lako linauzwa kiasi gani siku hiyo, na wewe na yeye mnaweza msione kitu kimoja. Kwa gari la kawaida, linalopatikana kwa wingi sokoni, tofauti hiyo si kubwa. Kwa gari adimu, au la zamani lililotunzwa sana, ni kubwa mno, na 12 unayookoa leo haitakufuta machozi.

Kinyume chake nacho kipo. Kuna watu wanaoandika thamani ndogo ili bei ishuke. Mikataba mingi ina kipengele kinachosema ukiwekea gari bima kwa nusu ya thamani yake, hata fidia ya uharibifu mdogo inaweza kukatwa kwa uwiano huohuo. Na kuandika thamani kubwa kuliko halisi hakusaidii chochote pale fidia inapofuata soko: unalipia kitu usichoweza kukipata.

Baada ya kuzisoma karatasi, zilinganishe upya. Iombe kampuni ya nje bei ya ekses 20 pamoja na kioo. Tuseme wanarudi na 97. Iombe kampuni yako bei ya ekses 40 bila gari la mbadala. Tuseme wanarudi na 89. Umeliona? Tofauti ya 12 iliyokufanya utake kuhama imebaki 3 upande mmoja na 1 upande mwingine. Bei ndogo ilitokana na mkataba mdogo, wala kampuni ya nje haikuwa nafuu kiasi hicho. Mara nyingine mambo hayaendi hivyo, tofauti inabaki kubwa hata baada ya kusawazisha. Hapo ndipo una silaha ya kweli ya kwendea mazungumzoni.

Simu yenyewe

Kuna mpangilio wa kuzungumza unaoleta matokeo, nao ni kurekebisha taarifa kwanza, kisha masharti, bei iwe ya mwisho. Anayeanza na "mnipunguzie" hupewa asilimia chache kutoka kwenye bei iliyojengwa juu ya taarifa mbovu, akashukuru na kukata simu. Mazungumzo mazuri husikika hivi:

"Habari za asubuhi, kaka. Bima yangu inaisha mwishoni mwa mwezi na nimepata bei yenu mpya. Kabla hatujafika kwenye bei, naomba unisomee mmeliandikia gari thamani gani, na madereva gani wameandikwa."

"Nzuri, mama. Thamani ni ileile ya mwaka jana. Madereva wawili, wewe na kijana wako."

"Kijana hayupo tena, ana gari lake, halitumii hili. Thamani nayo imeshuka. Na siku hizi silipeleki kazini. Rekebisha hayo matatu halafu uniambie inakuwa ngapi."

"Subiri kidogo, mama... Imeshuka."

"Asante sana. Sasa nina ofa ya maandishi ya kampuni nyingine. Ekses ni ileile, kioo kimo, na bado iko chini ya hiyo yenu. Mimi ningependa kubaki. Mnaweza kuifikia?"

"Mimi sina mamlaka ya kushusha zaidi ya hapa, mama."

"Nani anayo?"

Swali hilo la mwisho, likiulizwa kwa upole, lina thamani kuliko dakika kumi za kulalamika. Kampuni nyingi zina dawati la kuzuia wateja wasiondoke, lenye nafasi ya punguzo ambayo anayepokea simu za kawaida hana. Baada ya kuuliza, nyamaza. Usijaze ukimya kwa kujieleza.

Wakikuambia hawawezi kushuka, usiishie hapo. Omba kitu badala ya bei: ekses ipunguzwe kwa bei ileile, kioo kiongezwe, au ulipe kwa awamu bila riba. Mara nyingi aliyefungwa mikono kwenye bei ana uhuru kwenye masharti. Na chochote mlichokubaliana, omba kiandikwe. Maneno ya simuni hayasomwi na mkadiriaji siku ya ajali.

Usitunge ofa ambayo huna. Watakuomba uitume, na mazungumzo yatakuwa yamekwisha. Wala usipunguze ukweli ili bei ishuke. Kumficha dereva kijana anayeendesha kila siku, au kusema gari ni la matumizi binafsi wakati linabeba abiria au mizigo ya kulipwa, huonekana ni ujanja mpaka siku ya madai makubwa, ambapo kampuni huchunguza kila kitu. Kwa lugha ya bima huko ni kuficha taarifa muhimu, na kampuni inaweza kuukataa mkataba wote, ukabaki unamlipa uliyemgonga kutoka mfukoni.

Kudai au kutodai

Huu nao ni ulinganisho, na una uzito kuliko mazungumzo yote ya kila mwaka. Turudi kwenye hesabu ya Wafaransa kwa sababu iko wazi. Dereva mwenye kigezo cha 0.64 akisababisha ajali moja, kigezo kinazidishwa kwa 1.25, anapanda mpaka 0.80. Anarudi 0.76, 0.72, 0.68, na mwaka wa nne baada ya hapo ndipo anafika tena 0.64. Asingegonga, miaka hiyohiyo angekuwa kwenye 0.60, 0.57, 0.54, 0.51 na 0.50. Jumlisha tofauti za miaka hiyo mitano, unapata 0.88. Yaani ajali ile moja imemgharimu karibu bei nzima ya msingi ya mwaka mmoja, mbali na ekses.

Nchi yako inaweza kuwa na mfumo tofauti, lakini hesabu ni ileile: chukua gharama ya matengenezo, toa ekses, kinachobaki kilinganishe na punguzo utakalopoteza kwa miaka inayofuata. Mkwaruzo wa mlango mara nyingi haustahili kudaiwa. Akiumia mtu, au mali ya mtu mwingine ikiharibika, mambo hubadilika kabisa. Toa taarifa mara moja, hata kama mmekubaliana kirafiki pale barabarani, maana mikataba mingi inakutaka utoe taarifa ya ajali iwe unadai au hudai.

Bima kubwa au ya mtu wa tatu

Hapa nitapita haraka. Bima ya mtu wa tatu, au bima ndogo, hulipa madhara uliyowasababishia wengine. Bima kubwa huongeza gari lako mwenyewe. Kama gari lilinunuliwa kwa mkopo, mkopeshaji ameshakuamulia: bima kubwa. Kama ni lako huru, toa bei ya ndogo kwenye bei ya kubwa, kisha uangalie tofauti hiyo ni sehemu gani ya thamani ya gari baada ya kutoa ekses. Ikiwa miaka mitatu au minne ya tofauti inatosha kununua gari jingine kama hilo, na unaweza kuvumilia kulipoteza, shuka. Ila usidhani ndogo lazima iwe rahisi. Kuna masoko, Uingereza likiwemo, ambako bima ndogo hupatikana kwa bei ya juu kuliko kubwa, kwa sababu kampuni zimeona wanaoichagua hupata ajali nyingi zaidi. Omba bei zote mbili kila mara.

Kifaa cha kufuatilia uendeshaji, kile kinachopima breki za ghafla, kasi na saa za kuendesha, kinamfaa anayeendesha kidogo na mchana. Anayefanya kazi za usiku anaweza kuonekana hatari kwa sababu ya saa tu, hata akiendesha kwa adabu.

Kupitia nani

Wakala wa kampuni moja anaijua kampuni hiyo na hawezi kukuambia iliyo jirani ni nafuu. Broka ana kampuni nyingi mkononi, na kwa kawaida hulipwa kamisheni na kampuni inayopata kazi, kwa hiyo muulize bila aibu amepeleka ombi lako kwa kampuni ngapi. Faida yake kubwa huonekana siku ya madai, anapojua mlango gani wa kubisha. Kwa gari la biashara, gari adimu, au dereva mwenye historia ya ajali, mimi ningeenda kwa broka moja kwa moja. Tovuti za kulinganisha bei ni za haraka na zinakupa picha ya soko, lakini hazina kampuni zote, na kwa kuwa watu hupanga majibu kwa bei, kampuni zina kishawishi cha kunyofoa vitu kwenye mkataba ili zitokee juu. Itumie tovuti kupata namba, halafu usome hati.

Kabla ya kumpa yeyote fedha, hakikisha kampuni ina leseni hai kwa mdhibiti wa bima, na usome malalamiko ya wateja kuhusu malipo ya madai. Ya huduma ya simu hayana uzito huo. Kampuni kubwa nazo huanguka. HIH ya Australia, iliyokuwa miongoni mwa kubwa za nchi hiyo, ilianguka Machi 2001 ikiwa haijatenga fedha za kutosha kwa madai yaliyokuwa yanakuja, na wenye bima wengi wakabaki na karatasi.

Tarehe

Anza wiki tatu mpaka nne kabla ya bima kuisha. Huko Uingereza imezoeleka kwamba anayetafuta bei siku moja au mbili kabla hutozwa zaidi kuliko aliyetafuta mapema, kwa kuwa kwenye takwimu za kampuni wajipangaji hugonga mara chache. Pia unahitaji muda wa kupata barua ya punguzo na kusawazisha ofa.

Soma kipengele cha kusitisha kwenye hati ya sasa. Ujerumani, mikataba mingi hufuata mwaka wa kalenda, na barua ya kusitisha lazima iwe imefika ifikapo tarehe 30 Novemba. Ukichelewa umejifunga mwaka mwingine, isipokuwa kuwe na sababu maalumu, kama vile kampuni kupandisha bei. Ufaransa, tangu 2015, ukishamaliza mwaka wa kwanza unaweza kuondoka wakati wowote. Kama umeruhusu benki ikate malipo yenyewe, kusitisha bima bila kusitisha ruhusa hiyo kunaweza kukufanya ulipe kampuni mbili.

Na ukihama, angalia saa, usiishie kwenye tarehe. Hati moja inaweza kuisha saa sita usiku na nyingine kuanza saa sita mchana kesho yake. Kwa hizo saa kumi na mbili gari halina bima, na kuliendesha hata mpaka kituo cha mafuta ni kosa la kisheria. Omba kampuni mpya iandike saa ya kuanza, ulinganishe na ya zamani, ndipo utume barua ya kuondoka.